Mpango wa Taifa wa Kikombe

Nchi yenyewe bado ipo, kwa mujibu wa taarifa za serikali yake, ingawa imebadilishwa jina mara nyingi kiasi kwamba watu wa posta hupeleka barua kwa kuulizia njiani. Katika nchi hiyo hakuna mtu asiye na kazi. Zamani walikuwepo. Waliisha Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana, Bunge lilipopitisha Sheria ya Kukoma kwa Ukosefu wa Kazi. Watu walioamka asubuhi ile wakiwa hawana kazi walikwenda kulala wakiwa Wafanyakazi wa Akiba. Redio iliwapongeza. Njaa yao ilibaki ileile, ila sasa ilikuwa na cheo.

Sheria ilikuwa ndefu, lakini vifungu vyake viwili vilitungiwa wimbo ili hata watoto wavijue. Cha kwanza kilisema Wafanyakazi wa Akiba wasionekane wamekusanyika siku za kazi, kwa kuwa mgeni akipita anaweza kuelewa vibaya. Cha pili kilisema yeyote atakayemzuia mwananchi anayekwenda kazini atafungwa, awe raia, askari au waziri. Wimbo huo ulipigwa kabla ya kila taarifa ya habari. Ulikuwa na tarumbeta nzuri, na watu waliukariri bila kutaka.

Siku sheria ilipopita, Kasiani alikuwa ameketi nje ya nyumba yake kwenye kota za Kiwandani, akichambua mchicha. Zamani alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mablanketi, kabla hakijafungwa. Mkewe Eufrazia, afisa ustawi wa jamii mstaafu, aliuliza kutoka jikoni, "Wamesema nini hao?"

"Wamesema nimepata kazi."

"Hongera, baba. Maliza mchicha kwanza."

Sasa Eufrazia amekufa, na habari hizi ni za namna alivyozikwa. Lakini mazishi hayo hayaeleweki mpaka ijulikane jinsi serikali za nchi hiyo zilivyowapenda watu wasio na kazi, moja baada ya nyingine, bila kuwapa hata siku ya kupumua.

*

Wa kwanza kuwapenda walikuwa watawala wa kigeni. Reli ilipokamilika, walioijenga waliambiwa asante, nao wakakaa kandokando ya reli kwa kuwa hakuna aliyekumbuka walikotolewa. Mke wa Gavana, mama mwenye huruma na kofia pana, aliumia sana kuona mikono mingi imelala mapajani. Akaunda Chama cha Mikono na kuwafundisha wanaume wale kufuma masweta. Hiyo ilikuwa tambarare ya joto, mahali ambapo mbuzi hujificha kwenye vivuli vya mbuzi wenzao. Kila aliyemaliza sweta alitakiwa kulivaa Jumapili ili mama alione. Gavana akaandika kwao kwamba tatizo la uvivu limetatuliwa, maana wenyeji sasa wanatoka jasho hata wakiwa wamekaa.

Ukaja uhuru. Kiongozi wa kwanza alisema masweta yalikuwa dharau, na hapo alisema kweli. Akatuma malori yakawazoe watu kwenye kona za miji na kuwapeleka kwenye shamba kubwa ambalo lingelisha taifa. Malori yalifika na watu, ngoma na bendera. Majembe yalikuwa yanafuata kwenye malori mengine. Wakati wa kuyangoja, watu walifundishwa nyimbo za majembe, na nyimbo hizo zilikuwa nzuri ajabu. Mpaka leo zinapigwa sikukuu. Shamba lilitangazwa kuwa limefanikiwa kabla majembe hayajafika.

Baadaye wakaja wafadhili, na wafadhili walileta semina. Wasio na kazi walifundishwa kufunga tai, kumtazama mwajiri machoni, na kusema "changamoto" pale ambapo mtu wa kawaida husema shida. Semina hizo ziliajiri watu wengi: wakufunzi, madereva, wapika chai, na mtu wa kufungua na kufunga madirisha. Ni wale waliokuja kufundishwa tu ndio hawakuajiriwa. Kasiani alihudhuria moja. Alirudi na mfuko wa kitambaa wenye maandishi ya kutia moyo, na mfuko huo ukaja kuwa imara sana kwa kubebea mkaa.

Katika historia hiyo yote hakuna aliyewahi kuwaomba chochote watu wenyewe. Aliyeanza kuwaomba ni Eufrazia.

*

Kiwanda cha mablanketi kilipofungwa, Kasiani alikuwa kijana bado, hajaoa. Alirudi nyumbani, akalala akiutazama ukuta, na akaendelea kuutazama. Majirani walimletea uji, wakaacha. Aliacha kunyoa. Jioni aliwasikia wenzake wakicheza bao nje, akaona hata kelele zao zinamhusu mtu mwingine.

Asubuhi moja mlango uligongwa.

"Hodi."

"Hakuna mtu," alisema Kasiani.

"Basi huyo hakuna mtu anipe maji ya kunywa. Nimetembea tangu stendi."

Maji ni maji, huwezi kumnyima mtu. Kasiani alinyanyuka, akafungua mlango huku akijifunika shuka, akamkuta dada mmoja mwembamba amesimama kwa mguu mmoja. Alikuwa na kiatu mkononi. Alikunywa maji yote taratibu, kama mtu aliyekaribishwa vizuri, kisha akasema, "Kaka, samahani. Kisigino kimebanduka. Huna hata waya unisaidie?"

Kasiani alikuwa na waya. Aliutafuta, akatafuta na koleo, akakaa kizingitini akakifunga kile kisigino. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa juani tangu kiwanda kifungwe. Yule dada alikivaa, akapiga hatua, akakunja uso.

"Umekaza mno. Kesho nitapita unilegezee."

Akapita. Kesho yake tena akaja na mwavuli wenye kijiti kilichovunjika. Hakuwahi kuleta unga wala sabuni, na hakutaja serikali hata mara moja. Siku Kasiani aliponyoa ndevu, dada huyo alisema tu, "Kumbe una kidevu." Miaka ikapita, wakawa wameshaoana, ndipo alipomwambia mumewe kuwa kile kisigino alikibandua mwenyewe, nyuma ya choo cha stendi, kwa jiwe.

"Mtu akikaa sana bila kuombwa kitu," alimwambia, "husahau mikono yake iko wapi. Wewe yako ilikuwa chini ya shuka."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alipita nyumba kwa nyumba kwenye kota za Kiwandani, akaomba maji, akanywa, kisha akaomba msaada. Huyu amshikie kamba ya kupimia, yule amsomee barua maana miwani kaisahau, wa tatu ampeleke kwa fulani maana njia haijui. Aliijua njia. Kwa namna hiyo mmoja alijikuta anashona, mwingine anachimba visima na wenzake, na hata wale ambao hawakupata chochote cha kuwalisha walikuwa angalau wanatoka nje na kusalimiana.

*

Kisha Wizara ikapata habari.

Mtaalamu mmoja alipita Kiwandani akakuta watu wasio na kazi wamesimama, jambo ambalo halikuwa kwenye takwimu. Akauliza aliyewasimamisha. Akaambiwa ni Eufrazia, yule waliyemwita Mama Ustawi. Akauliza mama huyo huwapa nini. Watu wakafikiri, wakasema hawapi kitu, ila huomba maji ya kunywa. Mtaalamu akaandika hivyo, akapanda gari.

Ndipo ulipozaliwa Mpango wa Taifa wa Kikombe. Maafisa waliajiriwa nchi nzima, wakapewa fulana zenye picha ya kikombe, wakatumwa kwenye nyumba za wasio na kazi kunywa maji. Walikwenda kwa makundi: wa kunywa, wa kumsimamia anayekunywa, na wa kutathmini kama maji yamenywewa kwa moyo. Wakimaliza walishukuru, wakahamia nyumba ya pili. Sehemu ya kuomba msaada haikuingizwa kwenye Mpango, kwa kuwa haikuwa heshima kwa mtumishi wa umma kumwomba mwananchi amfungie kiatu.

Kiwandani hakuna bomba. Maji huja kwa mikokoteni, kwenye madumu, na mama wa nyumbani huyapanga kama vile wengine wanavyopanga mshahara. Basi wiki ya kwanza mapipa yalikauka. Wiki ya pili watu walianza kujificha wakisikia hodi. Maafisa walinenepa matumbo, wakawa wanatembea huku maji yakiwachezacheza ndani kama kwenye mitungi. Wizara ikatangaza kuwa wasio na kazi wamefikiwa kwa kiwango ambacho hakijapata kutokea.

Eufrazia alikwenda makao makuu kwa basi kuwaeleza kwamba wamekosea. Alipokelewa kwa shangwe. Walimvisha shada la maua ya plastiki, wakamtangaza kuwa Mwasisi wa Kikombe, na wakamwambia kwa upole kuwa kuanzia siku hiyo asitembelee tena nyumba za watu, kwa sababu waasisi hawatembei. Alirudi Kiwandani na lile shada kichwani maana mvua ilikuwa inanyesha. Kesho yake alitoka kama kawaida, akagonga mlango wa Sufiani, dereva wa lori aliyekuwa amepokonywa lori.

"Mama Ustawi, mmekuja wangapi?" aliuliza Sufiani kwa ndani.

"Niko peke yangu. Nimekuja na maji yangu."

Ikawa hivyo mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu hakuna kilichobadilika ila mwendo wake.

*

Alipougua alijua. Jioni moja alimwambia mumewe, "Kasiani, nikifa sitaki mashine. Nichimbiwe na watu wa Kiwandani. Sijawaomba kitu siku nyingi, wataanza kusahau."

"Utachimbiwa nao," alisema Kasiani.

Akafa siku ya Jumatatu, na ahadi ikabaki mikononi mwa mtu asiyejua kusema sana.

Matanga yalijaa. Watu walikaa kwenye mikeka mpaka nje ya uwanja wa nyumba. Mama Hidaya, jirani wa ukuta mmoja, alishika jiko. Sufiani alishika maneno, kwa kuwa kabila lake na la marehemu ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ya kumtukana hata marehemu, na hakuna anayekasirika.

"Mama huyu alikuwa mchoyo," alisema Sufiani, ameketi mlangoni akila karanga za wafiwa bila kukaribishwa. "Miaka yote ananiomba mimi, mimi namwomba nini? Leo nataka kumwomba kitu, kalala. Huo ni ustaarabu gani?"

Watu wakacheka huku wakifuta macho. Kasiani hakucheka. Alikuwa hajacheka wala kulia; alikaa tu na kanga ya mkewe magotini.

Ndipo alipoingia Bwana Lwanzali, Mkurugenzi wa Kikombe. Alitanguliwa na tumbo lake na kufuatwa na wasaidizi. Alikaa, akapewa pole, akatoa pole, na kwa mazoea akaomba maji. Sufiani ndiye aliyempelekea. Alipomaliza kunywa, alimrudishia kikombe bila kumtazama.

"Mzee Kasiani," alisema, "marehemu hakuwa mke wako tu. Alikuwa miundombinu. Serikali imeona imuenzi. Jumatano Mheshimiwa Waziri atakuja mwenyewe. Kaburi litachimbwa na mtambo wa kisasa, ule unaochimba mitaro ya barabara, na juu yake patawekwa kikombe cha saruji chenye kimo cha mtu mzima. Wageni waalikwa watakaa kwenye hema. Wananchi watafuatilia kwa redio."

"Aliomba achimbiwe na watu wa hapa," alisema Kasiani.

"Jumatano ni siku ya kazi, mzee wangu. Watu wa hapa watakuwa kazini."

"Wako hapo nje. Wamekaa."

Bwana Lwanzali aligeuka, akautazama ule uwanja uliojaa watu kutoka ukuta hadi ukuta. Alitazama kwa makini, kama mtu anayetafuta nyota mchana.

"Siwaoni," alisema.

"Na mimi hunioni?" aliuliza Sufiani. "Kama hunioni, kikombe umemrudishia nani?"

"Muache," alisema Mama Hidaya kutoka jikoni. "Hayo yote tumboni ni maji yetu. Siku akitobolewa tutafua nguo mtaa mzima."

Msaidizi mmoja aliinuka kwa hasira, lakini Bwana Lwanzali alimvuta shati. Hata serikali hiyo haikuwa imepata ujasiri wa kumkamata mtani msibani.

"Basi tuzike Jumamosi," alisema Kasiani.

"Jumamosi Mheshimiwa hupumzika. Ni Jumatano, mzee, na mtambo umeshawekewa mafuta. Ukikataa, hatuwezi kutoa kibali cha kuzika." Akasimama, akampa mkono kwa mikono miwili. "Hongera sana. Si kila mtu huchimbiwa na serikali."

Walipoondoka, Sufiani aliacha karanga. "Shemeji," alisema, na safari hii hakuwa anatania, "sema neno tu. Tutakaa mbele ya huo mtambo."

"Mkikaa mtakamatwa kwa kukaa," alisema Kasiani. "Hicho ndicho wanachokitaka. Hao wanaelewa watu waliokaa."

Akaenda stoo, akatoa jembe lake, akalifunga kwenye kanga ya mkewe.

*

Jumatano makaburi ya Kiwandani yalikuwa na hema jeupe, viti vyenye vitambaa, na kamba ndefu iliyozungushwa kuanzia mti hadi mti. Ndani ya kamba walikuwa Waziri, wageni waalikwa, jeneza na mtambo. Nje ya kamba walikuwa watu wa Kiwandani wote, ambao kwa mujibu wa sheria hawakuwepo. Koplo mmoja mrefu alisimama penye kamba kuhakikisha kuwa hawapo.

Kile kikombe cha saruji kilishafika kwa lori, kikawekwa pembeni kimeinama kidogo.

Waziri alisimama. "Ndugu wageni waalikwa," alisema, "dada huyu alikuta taifa lina kiu. Akanywa. Tuseme alikunywa kwa niaba yetu sote. Leo, tunapomteremsha katika ardhi hii tajiri, nataka niwahakikishie kwamba hakuna tena Kiwandani mtu ambaye asubuhi hii anajiuliza afanye nini." Nje ya kamba, watu wote walikuwa wanajiuliza wafanye nini. "Kazi iendelee," alisema Waziri, akampungia mkono dereva wa mtambo.

Dereva huyo aliitwa Mbonea, mtu mzima mwenye familia, aliyekuwa ameshika ajira hiyo kwa meno. Aliwasha. Mtambo ukanguruma, ndoo ya chuma ikapanda juu.

Kasiani aliinuka kwenye kiti cha mfiwa. Alifungua ile kanga, akatoa jembe, akatembea mpaka pale palipopigwa chokaa, akaanza kulima chini ya ndoo.

Mtambo ukasita. Bwana Lwanzali alikuja mbiombio, maji yakimchezacheza tumboni.

"Mzee, mzee. Mfiwa hachimbi. Hiyo ni mila yenu wenyewe."

"Ni kweli," alisema Kasiani. "Ndiyo maana nataka msaada." Jembe lilikuwa limeanza kucheza kwenye mpini. Aliliinua, akaangalia ng'ambo ya kamba, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani, "Sufiani, mpini umelegea. Njoo unikazie."

Kabari ya mpini huo alikuwa ameing'oa mwenyewe alfajiri, akaiacha kwenye kizingiti.

Sufiani alikuja hadi kwenye kamba. Koplo akamwekea mkono kifuani.

"Unakwenda wapi?"

Sufiani alifikiri kidogo.

"Kazini," alisema.

Koplo alikuwa mtu aliyelala kambini, mahali ambapo redio haizimwi. Mkono wake ulitoka kifuani kwa Sufiani kana kwamba umegusa sufuria la moto. Alimtazama Bwana Lwanzali. Bwana Lwanzali akamtazama Waziri. Waziri, ambaye sheria ile aliitia saini mwenyewe na kuichagulia tarumbeta, alitazama kofia yake.

"Kazi gani?" aliuliza Koplo, kwa sauti ndogo.

"Kuzika."

Koplo akainua kamba. "Pita haraka. Usije ukasema nilikuzuia."

Baada ya hapo ilikuwa shughuli. Kasiani aliwaita mmoja mmoja, akimwomba kila mmoja kitu chake: huyu aje na sururu, yule amshikie kamba, wa tatu aangalie kama kaburi limenyooka, maana macho yake yeye hayaaminiki. Kila aliyefika kwa Koplo alijibu neno lilelile, na wengine walilisema huku wamenyoosha shingo, kama watu wanaotaja jina la baba yao. Mama Hidaya alipita na karai kichwani. "Kazini," alisema kabla hajaulizwa, "na usinicheleweshe, nina zamu." Mwishowe Koplo alichoka kuinua, akaiacha kamba ianguke.

"Shusha ndoo," Bwana Lwanzali alimwambia Mbonea. "Nasema shusha."

"Nikishusha nitakuwa nimewazuia hawa wote," alisema Mbonea.

"Utafukuzwa."

Mbonea aliwaza juu ya hilo, akiwa ameshika usukani. Kisha akazima mtambo, akavua buti, akateremka akaomba sururu.

Walichimba kwa zamu. Udongo wa Kiwandani ni mgumu, una vipande vya matofali ya zamani na nyuzi za mablanketi yaliyooza. Shimo lilipomfika kifuani, Sufiani alisimama, akaegemea jembe, akaligeukia jeneza.

"Eufrazia, ninyi watu wa kwenu ni wavivu tangu mababu. Hata kufa mnataka mbebwe. Umetutuma ukiwa mzima, na sasa umekufa bado unatutuma. Huko uendako, malaika wakikufungulia usiwaombe maji. Watafungua wizara."

Kasiani alicheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kilichokwama njiani na kutoka na machozi, lakini kilitoka, na kikaendelea. Watu walimwachia acheke mpaka amalize.

Wakati anafuta uso, Sufiani alikuwa ameshageukia upande wa pili. "Jamani," alisema kwa wasiwasi wa mwananchi mwema, "pale kwenye hema kuna watu wamekusanyika, wamekaa tu. Saa tano asubuhi, Jumatano. Mgeni akipita ataelewaje?"

Mama Hidaya alijaza karai lake udongo, akaenda nalo mpaka mlangoni mwa hema.

"Hodi humu."

Humo hakuna aliyewahi kupigiwa hodi na mtu aliyekuja kuomba bila kupiga magoti.

"Mheshimiwa, nishikie hili karai kidogo, baba. Mkono umekufa ganzi."

Wapiga picha wa serikali waligeuka. Waziri alitaka kusema jambo, lakini mikono ikatangulia. Ilikuwa mikono iliyokaa muda mrefu bila kuombwa kitu. Ikapokea. Mama Hidaya alishukuru, akaenda zake kuimba na wenzake, na hakurudi kulichukua. Waziri alisimama na karai la udongo mpaka jeneza liliposhuka, mpaka kaburi lilipofukiwa na kusawazishwa kwa mikono, na udongo wake, kwa bahati mbaya, haukuhitajika.

Kikombe cha saruji kilisogezwa kichwani pa kaburi, kwa kuwa kilishaletwa. Wanawake walikimwagia maji watu wanawie mikono. Kikavuja chini, chote. Mkandarasi alikuwa ameipenda saruji yake kuliko kazi.

"Kinachovuja kinafaa kuoteshea mchicha," alisema Mama Hidaya.

"Ataupenda," alisema Kasiani.

*

Gazeti la serikali lilitoka na picha ukurasa wa mbele: Waziri Achapa Kazi. Mtaalamu aliitwa kuichambua picha hiyo. Aliitazama kwa siku kadhaa, kisha akatangaza kuwa siri ya marehemu imegundulika. Mpango wa Taifa wa Kikombe ukavunjwa, na mahali pake ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Karai. Hivi sasa maafisa wanapita nyumba kwa nyumba nchi nzima, wakisindikizwa na wasimamizi na watathmini, wakiomba wapewe udongo washike. Uwanja wa Mama Hidaya umeshakuwa na shimo, naye amewaambia wakitaka zaidi wachimbe hapohapo choo cha mtaa, ili angalau wizara iache kitu. Wanawaandikia makao makuu kuhusu suala hilo.

Mbonea alifukuzwa siku ileile ya mazishi. Alikwenda nyumbani, ng'ambo ya reli, akafunga mlango. Watu walisema wamemsikia akikohoa ndani, basi.

Kasiani naye alifunga wa kwake. Matanga yalipoanuliwa alilala, akageukia ukuta. Aliujua vizuri, ulikuwa na ufa uleule wa ujana wake. Aliutazama mpaka mchana, akitega sikio mlangoni, na hakuna aliyegonga, kwa sababu aliyezoea kugonga walikuwa wamemfukia, na yeye Kasiani akiwa mmoja wao, kwa mikono yake.

Ilipofika alasiri aliamka. Alichukua kandambili lake la kulia na kisu, akakata mkanda. Akavuka reli akichechemea, jua likimpiga utosini.

"Hodi."

Ikaja sauti ya mtu aliyefunikwa shuka: "Hakuna mtu."

"Basi huyo hakuna mtu anipe maji. Nimetembea."

Kitanda kililia. Mlango ukafunguka kidogo, kisha wote. Mbonea alimtazama mzee aliyesimama kwa mguu mmoja, akaingia ndani, akarudi na maji. Kasiani alikunywa taratibu, akamaliza, akanyoosha kandambili.

"Limekatika. Huna hata waya?"

Mbonea aliligeuza mkononi, akakiangalia kile kidonda cha mpira kilichonyooka kama rula.

"Mzee, hili umelikata mwenyewe."

"Nimelikata," alisema Kasiani, akakaa kizingitini juani. "Kaza vizuri. Nina milango mingine ya kwenda, na wewe utanionyesha njia."